Chumba cha Watoto Maktabani: Maswali Mnayotuuliza Kila Siku

Maswali haya tumeyaokota mlangoni, kwenye meza ya kuazimia na mengine sokoni, maana ukishajulikana mjini Wete kuwa wewe ndiye "mama wa vitabu", hata pweza hununui kwa raha. Tumeyaandika kama mlivyoyauliza. Majibu ni ya aliye zamu chumba cha watoto, kwa hiyo ukikuta neno kali humu, ni langu mimi, wenzangu hawamo.

Mtoto aanze kuja akiwa na umri gani?

Akishaweza kukaa mwenyewe, mlete. Wa miezi minane atakitia kitabu mdomoni, na hilo tunalijua. Karibu na mlango pana tenga la vitabu vya kitambaa na vya kadi ngumu kwa ajili ya wenye meno mawili. Vinafutwa kila jioni. Aliye chini ya miaka sita awe na mtu mzima wake. Tumeshachoka kukabidhiwa wadogo watatu na dada wa miaka tisa ambaye naye alikuja kusoma.

Paukwa ni siku gani, na hasa mnafanya nini?

Kipindi chetu hiki cha hadithi ni Ijumaa saa 10:30 jioni, baada ya sala ya Alasiri, na Jumamosi saa 4:00 asubuhi. Ijumaa tumeichagua kwa sababu vyuo vingi vya Kurani havisomeshi siku hiyo, na hatutaki mtoto akimbie chuoni kwa kisingizio cha maktaba. Jumamosi ni kwa walio mbali, wakiwemo wa Fundo na Mtambwe wanaokuja kwa mashua. Wao wakichelewa hatuwagombezi. Mashua hufuata maji, haifuati saa ya ukutani.

Msimuliaji hukaa mkekani pamoja na watoto. Akisema "Paukwa!" chumba kizima kinajibu "Pakawa!", kisha wanaendelea wenyewe na "kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa", kila mtoto na namna yake, kwa sababu kila nyumba ina maneno yake na hatumsahihishi mtu. Hadithi ya kwanza husimuliwa kwa mdomo bila kitabu. Ya pili husomwa kitabuni, picha zikionyeshwa, na huchaguliwa inayofanana na ya kwanza: ikisimuliwa ya sungura na fisi, kinachosomwa kinamhusu mnyama mjanja. Hapo ndipo mtoto anapoona kwamba yale aliyokuwa akiyasikia kwa bibi yake yanaweza kukaa ndani ya karatasi. Kazi yetu kubwa ni hiyo, mengine ni mapambo.

Tunamaliza kwa vitendawili. Aliyeshindwa anatoa mji, kama ilivyo desturi. Zamani sisi tulitoa Makunduchi au Chwaka kwa uchungu kweli. Siku hizi mtoto anatoa Manchester bila kusita, mji usio wake, na mwenzake anaupokea kwa furaha.

Hakuna kiingilio wala kujiandikisha.

Mbona chumba chenu kina kelele? Maktaba si mahali pa kimya?

Chumba cha watu wazima ni cha kimya na mlango wake tunaufunga. Huku kwetu kuna watoto wanaosoma kwa sauti, na anayeanza kusoma lazima ajisikie. Ukitaka utulivu njoo asubuhi ya siku ya skuli, utatukuta tunafuta vumbi.

Mimi sikusoma. Nitamsaidiaje mwanangu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ndogo, mara nyingi mwulizaji akitizama pembeni, nasi tungependa liulizwe kwa sauti kubwa. Tena wengi wanaosema hawakusoma wamesoma. Bibi anayehitimisha Msahafu kila Ramadhani si mtu asiyejua kusoma. Ana herufi zake, ila hizi za Kirumi hakufundishwa. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na hapa Pemba tuna washairi wakubwa wa zamani, Kamange na Sarahani, walioishi kabla herufi hizi za skuli hazijaenea. Tungo zao zilichapishwa katika kitabu mwaka 2011. Kipo chumba cha watu wazima, na bibi akisomewa beti mbili tu atakuongezea za tatu na za nne.

Ya kufanya nyumbani ni haya. Mwambie mtoto akusomee wewe, hata kama kazi yako ni kuchambua mchele tu. Muulize: "Enhe, halafu ikawaje?" Muulize kwa nini yule mtu kafanya vile. Kitabu kikiwa na picha, kifungueni pamoja kabla ya kusoma, mkisie kitakachotokea. Hakuna hata moja katika hayo linalotaka mzazi ajue herufi.

Na kuna Daftari la Bibi. Mzee anasimulia, mjukuu anaandika, sisi tunasahihisha tahajia kidogo na kumwachia lafudhi yake, halafu daftari linawekwa rafuni pamoja na vitabu vingine. Kwa uzoefu wangu hakuna kitabu cha dukani kinachogombaniwa kama daftari hizo. Mtoto akisoma kisa kilichotokea Bopwe au Jadida, mahali anapopita kila siku akienda skuli, anakisoma mara tatu.

Mwanangu yuko darasa la nne na hajui kusoma. Nifanye nini?

Kwanza usimpige, wala usimlinganishe na mtoto wa jirani mbele yake. Pili, kamwonyeshe macho na masikio hospitali. Tumewahi kuwa na mtoto aliyeitwa mvivu miaka miwili, kumbe ubao ulikuwa haumfikii.

Tatu, hakikisha kama kweli anasoma au amekariri. Wako wengi wanaotiririka kitabu cha skuli mwanzo hadi mwisho, ukiziba picha kwa kiganja wanakwama. Mwandikie sentensi mpya kwenye karatasi, kitu ambacho hajapata kukiona, kwa mfano "Kuku wa Mwanaisha amelala juu ya kabati." Akicheka, kasoma na kuelewa. Akikutizama usoni badala ya kuitizama karatasi, anasubiri umpe jibu.

Kiswahili kina huruma kwa msomaji mchanga: irabu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, kinachoandikwa ndicho kinachosemwa. Kwa hiyo mtoto akishazikamata silabi anaweza kulitamka hata neno asilolijua maana. Turudi basi kwenye ba, be, bi, bo, bu bila kuona haya, hata kama ana miaka kumi na moja. Wengi wanaokwama hawakukwama hapo. Wamekwama kwenye mba, nda, nywe, ng'o, na hasa pale ng inapokosana na ng'. Ng'ombe na ngoma ndio mtihani wetu wa kwanza.

Dakika kumi na tano kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumapili zenye machozi. Jumatano mchana tuna mkeka wa silabi, makundi mawili, kwa sababu kuna wanaosoma skuli asubuhi na wanaosoma mchana. Katika kipindi hicho tunaomba asichanganyiwe na Kiingereza. Sauti ya a ikishamkaa, ndipo aambiwe kwamba Waingereza wanaisoma namna nyingine.

Nitajuaje kama kitabu kinamfaa?

Afungue ukurasa wowote wa katikati, asome. Kila neno linalomshinda anakunja kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho mzazi amsomee, au kingoje. Asipokunja hata kidole, kitabu ni chepesi, na chepesi si kosa. Nasi watu wazima hatusomi katiba kila usiku.

Ila mwache achague mwenyewe. Mzazi anayekuja na kusema "mpe chenye mafunzo" tunamwelewa, lakini kila wiki tunaona kitabu chenye mafunzo kikirudi hakijafunguliwa.

Mnapendekeza vitabu gani?

Kwa walio chini ya miaka mitatu, hamna haja ya kitabu kila siku. Imbeni "Ukuti, ukuti, wa mnazi, wa mnazi" na mzunguke. Mdundo ule ndio mwanzo wa silabi.

Miaka minne hadi sita, chukua vyenye sentensi moja au mbili kwa ukurasa na picha kubwa. Vingi tulivyo navyo vya namna hiyo vimeandikwa Tanzania, na vile vilivyopitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, vinajulikana kwa kuwa lugha yake ni ya watoto wa huku. Tafuta kinachorudiarudia maneno. Wewe utachoka, yeye hachoki.

Miaka saba hadi tisa ni umri wa ngano na wajanja. Abunuwasi hajapata kulala rafuni wiki nzima. Mtoto akishasoma kisa cha sufuria iliyozaa kisha ikafa, anakwenda kumsimulia mwenye duka. Na kuna kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kisa hicho kilisimuliwa na watu wa Zanzibar wenyewe, na Edward Steere, padri wa Kiingereza, akakichapisha London mwaka 1870 pamoja na vingine. Kwa hivyo kisa ni chetu, kitabu ndicho kilichokwenda Ulaya. Tukikisimulia huku kwenye bahari yetu, watoto wanataka kujua papa yule alipita upande gani wa Fundo.

Miaka kumi hadi kumi na mbili wanagawanyika. Wapo wanaotaka visa vya safari na hatari. Wapo wanaotaka mambo ya kweli tu, na hao mara nyingi ni wale wanaoitwa "hapendi kusoma". Wape wanyama, nyota, injini, ramani. Mvulana mmoja hakushika kitabu mpaka tulipomsimulia kwamba mwaka 1984 palifukuliwa hapo ng'ambo, Mtambwe Mkuu, zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zilizozikwa karne nyingi nyuma. Tangu siku hiyo anauliza vitabu vya watu wa kale, na tunashuku anauliza na jembe. Popo wa Pemba naye ana wapenzi wake: popo mkubwa kama yule haishi porini mahali pengine popote duniani ila kisiwa hiki, na bado vitabu vya wanyama tunavyoletewa vimejaa pengwini. Tumetengeneza kitabu chake wenyewe, cha kurasa kumi na mbili, kwa picha za kuchora.

Kuanzia kumi na tatu, wafungulie chumba cha wakubwa. Mzimu wa Watu wa Kale wa Mohamed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, kina Bwana Msa, mpelelezi na kiko chake, na mtoto anayependa mafumbo hakiachi. Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alioandika Shaaban Robert ni mwembamba na unamfaa msichana anayeambiwa kila kukicha kwamba hili si lake na lile si lake: Siti alikuwa muuza vyungu kutoka Fumba, na mwaka 1928 sauti yake ilinaswa kwenye santuri Bombay. Mashairi ya Haji Gora Haji wa Tumbatu, yaliyomo katika Kimbunga cha mwaka 1994, yasomwe kwa sauti, ikiwezekana na mtu aliyewahi kupanda chombo.

Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, imo pia. Hiyo si ya mtoto. Ni ya kwako wewe unayekaa kwenye benchi ukimsubiri.

Hadithi za mazimwi hazimtishi mtoto?

Zinamtisha, na ndiyo maana anaziomba tena. Woga wa kusikia akiwa mapajani kwa mtu anayempenda unamfundisha kwamba woga huisha. Tuna mpaka lakini: Jumamosi hatusimulii za kutisha kwa wadogo, na zile habari za vitisho vya usiku ambazo watu wazima wamewahi kuziamini hapa kisiwani hatuzisimulii kabisa. Zimwi la hadithi mwisho wake hushindwa. Lile jingine halina mwisho, mtoto anakwenda nalo kitandani.

Hadithi za kubuni si uwongo? Ustadh wetu aliuliza.

Aliuliza kwa adabu na tulikaa naye. Mwongo ni yule anayetaka uamini lisilo kweli. Msimuliaji anatangaza kabla hajaanza: paukwa yenyewe ni kubisha hodi, na kuna pwani nyingine wanasema wazi "hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea". Anayesikiliza na anayesimulia wote wanajua walipo. Ustadh alisema ataendelea kutafakari, na wiki iliyofuata akawaleta wanawe wawili. Visa vya Mitume tunavyo pia, rafu ya pili, na hivyo hatuvichanganyi na vya sungura.

Katuni na magazeti ya mpira vinahesabika kuwa kusoma?

Ndiyo.

Na simu?

Inategemea kilichomo. Kuna mkusanyiko wa bure wa hadithi za picha unaoitwa African Storybook, nyingi zipo kwa Kiswahili, na unaweza kuzipakua hapa ukaondoka nazo bila kutumia bando nyumbani. Ila kwa walio chini ya miaka mitano tunapendelea karatasi. Simu ikiingia ujumbe, hadithi imekufa, na aliyeiua ni mzazi.

Kwa nini vitabu vingi vya rafu ya nyuma ni vya Kiingereza na theluji?

Kwa sababu vililetwa kwa maboksi na watu wenye nia njema waliokuwa wakisafisha nyumba zao. Vingine vizuri sana, na watoto wa darasa la tano na la sita wanavihitaji kwa ajili ya Kiingereza. Vingine ni vya mtoto anayelala na mbwa kitandani, na kila tukikisoma kimoja maswali ni ya mbwa tu mpaka Magharibi. Ukitaka kutuchangia, nunua kitabu kimoja kipya cha Kiswahili kuliko kutuletea hamsini vya namna hiyo. Hata cha mkono wa pili, mradi kurasa zimo.

Nambari zilizo mgongoni mwa kitabu ni za nini? Mwanangu ameniuliza nikakosa jibu.

Ni anuani yake. Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, alizigawa elimu zote mafungu kumi mwaka 1876, na maktaba nyingi duniani bado zinamfuata. Sayansi inaanzia 500, fasihi 800. Ngano za jadi lakini hakuziweka na fasihi, zimo 398.2, jirani na mila na desturi. Watoto wakishaijua nambari hiyo hawaulizi tena, wanakwenda moja kwa moja. Kuna mmoja ameiandika kwa chaki mlangoni kwao.

Mtoto wangu haoni. Kuna chochote?

Paukwa ni yake kama ya mwingine yeyote, na kwenye vitendawili mara nyingi anawashinda. Vitabu vya nukta nundu tulivyo navyo ni vichache. Njoo tuzungumze kabla, tujue amefika wapi katika kusoma nukta.

Masharti ya kuazima ni yapi?

Vitabu viwili, wiki mbili. Mzazi au mlezi aje mara moja na kitambulisho, baada ya hapo mtoto anaazima mwenyewe kwa jina lake. Kadi anaandika yeye, kwa mkono wake, hata ikichukua robo saa na foleni ikanuna.

Kitabu kimeroa, au kimechanika, au kimepotea. Tunaogopa kuja.

Njooni. Kilichoroa msikianike juani, kitapinda kama papa wa kukaushwa. Kisimamisheni kivulini penye upepo, mtie karatasi safi kavu kati ya kurasa na kuibadilisha mara kwa mara. Wakati wa masika kisiegemezwe ukutani, kuvu huanzia hapo. Kilichochanika msikitie selotepu: baada ya muda inageuka njano na gundi yake haitoki. Leteni na kipande, sisi tuna karatasi nyembamba na gundi yake. Kilichopotea tutazungumza. Mara nyingi kinapatikana chini ya godoro la mdogo wake. Kisipopatikana, mtoto anakuja Jumamosi mbili kutusaidia kupanga rafu, na wako waliomaliza hizo mbili wakaendelea kuja.

Ramadhani mnafungua?

Tunafungua asubuhi hadi saa 8:00 mchana. Paukwa ya Ijumaa inakuwa fupi na ya upole, maana nusu ya chumba wanajaribu funga yao ya kwanza na hawana nguvu za kupiga makofi.

Msimu wa karafuu tunahamia shamba na watoto. Vitabu je?

Muda wa wiki mbili unasimama. Chukueni sanduku: vitabu kumi na tano, daftari moja tupu na penseli, kwa familia mbili au tatu zinazopiga kambi pamoja. Mtu mzima mmoja aweke sahihi. Wanaokwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, wanapewa pia, ila lao linatiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Usiku ule wa kuchambua karafuu, mikono inatenga makonyo, yaani vikonyo vyake, na midomo haina kazi, ndiyo paukwa bora kuliko ya kwetu, na aliyejua kusoma asome karibu na taa wakati wengine wanachambua. Mwaka jana sanduku moja lilirudi na vitabu kumi na vinne, daftari limejaa visa saba, na kila ukurasa unanukia karafuu. Cha kumi na tano ni cha Abunuwasi. Aliye nacho tunamjua, na tunamwambia hapa hapa: kimalize, halafu ukirudishe, kuna watu sita wanakingoja.